Mkubwa ni jalala

Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, mwaka 2024, kikoba chetu, yani kikundi cha kuweka na kukopeshana pesa, kilikaa saa kumi jioni kama kawaida, uani kwa mama mmoja huku Mbagala, mvua inapiga bati mpaka mtu aliyekaa mbele yako unamsikia nusu nusu. Tuko watu 27. Kwa ambao hawajawahi kuwa kwenye kikoba, sanduku letu ni la chuma lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne asiye na ufunguo wowote, kwahiyo halifunguki mpaka watu wote wawepo. Mi ni mmoja wa wahesabu fedha wawili. Kazi yetu ni kutoa pesa, kuzihesabu kwa sauti kila mtu asikie, alafu mweka hazina anasoma daftari linasemaje na vitu viwili vinatakiwa kukutana.

Siku hiyo havikukutana. Daftari lilisema milioni moja laki nane na arobaini. Kwenye sanduku tulikuta milioni moja na laki tano. Tukahesabu tena, zile noti za elfu kumi kumi tulizofunga na mpira tukazifungua zote tukazipanga kwenye mkeka, mwenzangu anahesabu mi naangalia, alafu tukabadilishana. Milioni moja na laki tano. Laki tatu na arobaini haipo.

Mweka hazina wetu ni binti wa miaka 23, tulimchagua kwa sababu ana mwandiko mzuri na hesabu anaziweza. Nilikuwa nimekaa karibu nae, nikaona mkono wake ulioshika kalamu unatetemeka mpaka kalamu inagonga gonga daftari. Akaanza kufungua kurasa za nyuma, anafungua anarudisha, anafungua anarudisha, yani haoni kitu. Nyuma huko watu washaanza. Mmoja anasema hawa watoto wa siku hizi wanacheza kamari kwenye simu, mwingine anasema aitwe mjumbe, mwingine akataja polisi kabisa. Mi nimekaa kimya, na hili nalisema wazi mana linaniuma mpaka leo, nilikuwa nina la kusema na sikusema.

Mama Mwenyekiti akasimama. Huyu ni mama wa miaka sitini na kitu, jioni anakaanga samaki barabarani, kusoma anasoma ila karatasi anaisogeza mbali na macho. Sio mtu wa hotuba. Akasubiri mvua ipungue kidogo alafu akasema, na nayakumbuka vizuri maneno yake, "Tulieni wanangu. Huyu mtoto msimguse. Vikao viwili vya mfungo nani aliwaambia tusihesabu, tuwahi futari? Ni mimi. Katiba yetu inasema pesa zihesabiwe kila kikao mbele ya watu wote, mimi ndo nikaivunja. Hiyo laki tatu na arobaini iandikeni kwenye jina langu. Mpaka Jumamosi ijayo isipoonekana, kateni kwenye hisa zangu." Akakaa kwenye kigoda chake akajifunga kanga vizuri, akasema haya tuendelee na marejesho.

Tukaendelea na marejesho. Hakuna aliyetaja polisi tena.

Kesho yake Jumapili akatuita nyumbani kwake, mimi, mhesabu mwenzangu na yule binti. Kumbe asubuhi kashapita kwa wanachama nyumba kwa nyumba kukusanya vile vitabu vyao vidogo, anavyo kwenye mfuko wa salfeti. Akafunga mlango. Kwanza akatugombeza, na alitugombeza vibaya, sisi wahesabu kwa kukubali kutohesabu wakati katiba tunaijua, na binti kwa kuandika kwenye karatasi pembeni eti atahamishia kwenye daftari akifika nyumbani. Binti alilia. Alafu tukakaa chini, masaa matatu, mstari kwa mstari, mi nasoma daftari kubwa yeye anaangalia kitabu cha mwanachama. Vitabu 26 tukavimaliza hatujaona kitu. Cha 27 hakikuwepo, mwenyewe alikuwa Tanga na mtoto mgonjwa. Jumatano karudi, na kitabu chake ndo kikasema ukweli: mkopo wa laki tatu, tarehe ya kikao kimojawapo cha mfungo, na saini ya binti ipo. Alipewa mbele yetu sote wakati kila mtu kashasimama anakimbilia futari, ikaandikwa kule na huku ikasahaulika. Ile elfu arobaini ilikuwa rambirambi, ilitakiwa itoke kwenye mfuko wa jamii ikatolewa kwenye pesa za hisa.

Hebu fikiria, kutoka Jumamosi mpaka Jumatano. Siku nne binti wa watu angekuwa mwizi mtaa mzima, na mtaa ukishakuita mwizi hata ukweli ukija Jumatano hakuna anayerudi nyumba kwa nyumba kulifuta lile jina. Siku nne zile aliyekuwa na deni ni Mama Mwenyekiti, na alilibeba akijua kwamba inawezekana kabisa pesa imeibiwa kweli.

Tangu siku ile watu wakizungumzia sifa za kiongozi bora mi kichwa changu kinaenda kwa yule mama. Shuleni kwenye uraia tuliandika wote, kiongozi bora awe mkweli, mwadilifu, msikivu, mwenye busara, asiyependelea, mwenye kuona mbali. Sawa, ni kweli, siyakatai. Ila karibu zote hizo mtu anaweza kuzivaa siku mambo yakiwa mazuri. Msikivu nani hawezi kuwa wakati wa kampeni? Kuna moja tu ambayo huwezi kuivaa, inakuja yenyewe au haiji, nayo ni pale kitu kimeharibika chini yako, hukukiharibu kwa mkono wako, watu wanatafuta wa kumtupia lawama, na wewe una uwezo kabisa wa kunyoosha kidole kwa mdogo wako. Unafanya nini ile dakika?

Wazee walishasema mkubwa ni jalala. Tunaisema zaidi kumpoza mtu mzima akitukanwa na watoto, kwamba vumilia, mkubwa jalala. Mi naichukua kama maelezo ya kazi yenyewe. Jalala ndo mahali takataka za nyumba zote zinapoishia ili nyumba zibaki safi. Mtu ambaye hataki takataka za watu zimfikie asigombee ukubwa, abaki na heshima zake nyumbani, hakuna atakayemlaumu.

Na hii kwetu haiko kwenye vikoba tu, ipo mpaka juu kabisa. Mwezi mmoja na kitu kabla ya kikao kile, tarehe 29 Februari 2024, Mzee Ali Hassan Mwinyi alifariki, na wiki ile redio na vijiwe vyote vilikuwa vinasimulia maisha yake. Vijana wengi wanamjua kama Mzee Rukhsa, rais wa awamu ya pili kuanzia 1985 mpaka 1995, duka likajaa sabuni na sukari. Stori iliyonigusa mimi ni ya nyuma ya hapo. Mwaka 1976 yeye ni Waziri wa Mambo ya Ndani. Kule Mwanza na Shinyanga kulikuwa na mauaji ya wazee wakisingiziwa uchawi, serikali ikaendesha operesheni ya kukamata watuhumiwa, na wale watuhumiwa wakateswa mikononi mwa vyombo vya dola, wengine wakafa. Mwinyi hakumpiga mtu. Hakuwepo kwenye vyumba vile. Angeweza kusema ni askari wachache wakorofi, tutaunda tume, asante. Januari 1977 akajiuzulu, kwa sababu polisi ni wake na waliokufa walikufa chini yake. Na tusije tukadhani kujiuzulu kwake ndo kulizima kesi, hapana, kuna maofisa walifikishwa mahakamani kwa mauaji yale.

Kilichofuata ndo kinanipa nguvu. Akapelekwa ubalozi Misri, akakaa huko mpaka 1981, akarudi kwenye uwaziri, mwaka 1984 Zanzibar ikachafuka kisiasa, rais wake Aboud Jumbe akaachia ngazi na yeye akapewa kuiongoza Zanzibar, mwaka uliofuata akawa rais wa nchi nzima. Miaka minane tu baada ya kuondoka na aibu ambayo haikuwa ya mkono wake. Mi siamini kwamba Mwalimu Nyerere na wenzake walimkabidhi nchi licha ya kile kitendo, naamini kitendo kile kilikuwa sehemu ya sababu. Mtu aliyeshaonyesha kwamba yuko tayari kuachia kiti kwa ajili ya wafungwa asiowajua majina, huyo ukimpa kiti kikubwa zaidi una uhakika kidogo kwamba hatakiabudu.

Mwalimu mwenyewe nae nampenda kwa jambo moja ambalo halisemwi sana, anasifiwa zaidi kwa kuacha uwaziri mkuu Januari 1962 na urais 1985. Mwaka 1984 bado yuko Ikulu, hajastaafu, akaulizwa na mwandishi kuhusu miaka yake, na akakiri kwamba kuna mambo angerudi mwanzo asingeyafanya, akataja mawili: kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Serikali za mitaa zilifutwa 1972, ushirika ukavunjwa 1976, watu wenye zao la pamba na kahawa wanajua ilivyowaumiza. Angalia jinsi alivyokiri. Hakusema "kulikuwa na changamoto za utekelezaji", hayo maneno tunayoyasikia kila siku, ambayo kazi yake ni kulishusha kosa kutoka juu mpaka limfikie afisa wa kata. Alisema tulikosea, na wakati huo vyote viwili vilikuwa vinarudishwa, maana yake kukiri kwake kulikuja na kazi juu yake. Mtu unaweza kupingana na siasa zake zote za uchumi, na mi pia kuna nisizozikubali, ila kwa hilo namvulia kofia.

Karibu zaidi na sisi, Desemba 20 mwaka 2013, bungeni Dodoma, ilisomwa ripoti ya Operesheni Tokomeza, ile ya kupambana na majangili. Wananchi na wafugaji waliumizwa, kuna waliokufa, mifugo ikauawa. Jioni ile mawaziri wanne walipoteza nafasi zao, mmoja akatangaza mwenyewe kujiuzulu palepale ndani ya bunge, watatu uteuzi wao ukatenguliwa na rais. Tulikuwa tunaangalia laivu kwenye tv ya kibanda cha chipsi, na nakumbuka jinsi watu walivyonyamaza yule wa kwanza aliposimama. Hawakushangilia. Walinyamaza, kwa heshima. Wale wengine waliposomwa majina ndo kelele zikaanza. Tofauti ya kuachia na kuachishwa hata mla chipsi anaisikia.

Sasa niseme kwa nini hii kitu kwangu sio nadharia. Kabla ya hapa nilifanya kazi stoo moja ya vifaa vya ujenzi hapa Dar, miaka minne. Tulikuwa vijana sita na mkuu wetu wa stoo. Mkuu alikuwa mtu mzuri sana wa maneno, asubuhi anatukusanya anatuambia sisi ni familia. Kuna siku mzigo wa nondo ulitoka bila kupigiwa hesabu sawasawa kwa sababu yeye mwenyewe alisema gari lisicheleweshwe, pakieni, karatasi zitafuata. Mwisho wa mwezi stoo imepungua. Wakubwa wakaja kutoka makao makuu, tukapangwa mstari, na mkuu wetu akasema mbele yetu, macho makavu, kwamba yeye alishatuonya mara nyingi kuhusu karatasi ila hatusikii. Nilimwangalia usoni. Hakuniangalia. Nilisimamishwa mwezi mmoja bila mshahara, mwenzangu ambaye mke wake alikuwa anakaribia kujifungua akaondolewa kabisa.

Na sio uonevu peke yake. Angalia kilichotokea baadae, mana hapa ndo watu wengi hawapaoni. Niliporudi kazini hakuna mtu kwenye ile stoo aliyeripoti kitu tena. Mfuko wa simenti ukipasuka unasukumwa nyuma ya mingine. Rangi ikimwagika, kopo linafungwa linarudi juu ya rafu tupu hivyohivyo. Mteja akirudishiwa chenji zaidi kimya. Kila mtu anaficha kidogo cha kwake, na kwenye daftari kila kitu kipo sawa kabisa, daftari safi kuliko wakati wowote, mpaka siku ya kuhesabu stoo mwaka ulivyoisha. Mkuu alipiga kelele kwa nini hamkuniambia! Jamani, tungekuambia vipi? Mtu akijua kwamba kosa lake likikufikia wewe utalichukua umtupie mbele za watu, atakuwa mjinga kulileta. Kiongozi asiyebeba anakuwa wa mwisho kujua, na anakuja kujua wakati haliokoleki tena.

Kwa Mama Mwenyekiti ni kinyume chake. Baada ya ile kesi ya laki tatu na arobaini, ndani ya mwezi mmoja wanachama wawili walikuja wenyewe kusema marejesho yao yaliandikwa zaidi ya walicholeta. Zaidi! Yani wangekaa kimya wangefaidika. Kikao kiliwapigia makofi, na binti akasahihisha palepale na kalamu nyekundu, mkono hautetemeki.

Najua kuna mtu atasema hapa kwamba huko ni kulindana, na kulindana ndo kumetufikisha hapa tulipo. Hapana, hivi vitu viwili havifanani hata kidogo. Kulindana ni kuzuia ukweli usijulikane ili wewe na mtu wako mbaki salama. Yule mama aliutafuta ukweli mpaka kwa mtu wa 27, na angeona binti kala pesa angemleta mbele yetu, alishasema hivyo siku ile ya Jumapili, alimwambia "nimekubebea lawama, wizi sikubebei." Na tangu hapo kuna sheria mpya, pesa haitoki sandukuni mpaka isomwe kwa sauti jina, kiasi na mfuko inakotoka, hata kama ni saa kumi na mbili na robo na adhana inakaribia. Na sheria hiyo ilianzia kwake, mkopo wake mwenyewe wa mtaji wa samaki ndo ulikuwa wa kwanza kusomwa namna ile.

Mi saivi ni msimamizi wa stoo sehemu nyingine, nina vijana wanne. Mwaka jana kijana mmoja alipakia vigae vya rangi siyo, gari likaenda mpaka Bagamoyo likarudi, mafuta na posho ya dereva hasara. Bosi akanipigia anauliza nani huyo. Nakiri jina lilifika kabisa mdomoni, lilikuwa jina fupi na lingenimalizia tatizo langu lote. Nikasema bosi mzigo hautoki bila saini yangu, na saini yangu ipo, sikwenda kuangalia boksi. Ambayo ndo ilikuwa kweli, sikwenda, nilisaini nimekaa. Nilikatwa laki na ishirini kwenye mshahara wa mwezi ule na nyumbani tuliisikia kweli. Kijana nilimwita pembeni baada ya kazi, nikamwambia yote niliyotakiwa kumwambia, na sikuyasema kwa upole.

Wiki mbili zilizopita saa nne usiku nimeshalala, simu ikaingia meseji. Ni yeye. "Kaka shkamoo, samahani kwa usiku. Ile oda ya kesho ya Kibaha nahisi nimehesabu vibaya pisi 40, sina uhakika. Naomba nije saa kumi na moja asubuhi nihesabu tena kabla gari halijafika, ila funguo unayo wewe."

Nikamjibu marahaba, nitakuwepo. Nikatega alamu ya saa kumi.